Gari Linalochemsha: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Kasoro

Barabara za Kariakoo, katika jiji la Dar es Salaam, hujaa magari tangu alfajiri. Malori huleta viazi, vitunguu na ndizi kutoka mikoani. Magari madogo ya mizigo, ambayo wenyeji huyaita kirikuu, huzichukua bidhaa hizo na kuzipeleka Kimara, Mbagala, Tabata na kwingineko. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiunda wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Siku hizo mzigo ulibebwa kichwani, na mpagazi aliyezidiwa na jua aliketi kivulini mpaka akapoa. Gari nalo huzidiwa na joto. Mwanafunzi anayepita Mtaa wa Msimbazi wakati wa mchana haoni ajabu kulikuta gari limesimama kando ya njia, boneti imefunguliwa, mvuke mweupe unapaa, na dereva ameshika dumu la maji.

Madereva husema kwamba gari hilo "linachemsha". Gari zima likichemsha mara moja tu, pengine dereva alisahau kutazama maji asubuhi. Lakini gari linalochemsha kila siku lina kasoro, na kasoro hiyo haitaondoka kwa kuongezewa maji. Dereva wa kirikuu hutakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu ya kila siku. Injini ikiharibika, hesabu hukosekana, na chakula cha nyumbani nacho huwa mashakani. Kwa hiyo swali la chanzo cha joto si swali la mafundi peke yao.

Katika somo hili tutafuata njia ambayo joto hupita ndani ya gari, kisha tutaona jinsi fundi anavyoweza kutambua mahali njia hiyo ilipokatika kabla ya kufungua hata parafujo moja.

Joto la injini hutoka wapi?

Ndani ya silinda za injini, mchanganyiko wa petroli na hewa huungua ghafla. Kwa kitambo kifupi sana gesi zinazoungua hufikia joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Sentigredi. Sasa fikiri: pistoni nyingi hutengenezwa kwa aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka katika nyuzi 660. Je, kwa nini pistoni haiyeyuki?

Haiyeyuki kwa sababu joto huondolewa upesi. Katika nishati yote iliyomo ndani ya petroli, kama robo tu au zaidi kidogo ndiyo inayoyazungusha magurudumu. Sehemu kubwa hutoka pamoja na moshi. Sehemu nyingine, ambayo ni karibu theluthi, huingia katika chuma cha injini, na ni lazima ichukuliwe na maji na kutupwa hewani. Maji yasipoichukua, chuma hutanuka kupita kiasi, oili huwa nyepesi mno na kushindwa kuzuia msuguano, na pistoni huanza kukwaruza kuta za silinda. Mwisho wake pistoni hukwama kabisa. Mafundi husema kwamba injini "imenoki", na kuitengeneza huwa kazi ya fedha nyingi.

Ili uone jinsi maji yanavyoweza kukilinda kitu kisiungue, fanya jaribio lifuatalo pamoja na mwalimu wako.

Jaribio la 1

Kunja karatasi ngumu uifanye kisanduku kidogo kisichovuja. Tia maji mpaka nusu. Kiweke kisanduku juu ya vipande viwili vya tofali, kisha uweke mshumaa unaowaka chini yake, mwali uguse pale penye maji tu. Ngoja. Utaona kwamba maji yanapata moto, hata pengine yanaanza kuchemka, lakini karatasi haiwaki. Joto linapita katika karatasi na kuingia ndani ya maji. Maji katika chombo kilicho wazi hapa pwani hayapiti nyuzi 100, na karatasi haiwaki mpaka ifikie zaidi ya nyuzi 200. Uzime mshumaa kabla maji hayajakwisha. Yakiisha, karatasi itaungua mara moja.

Kuta za silinda ni kama ile karatasi. Zinaishi kwa sababu upande wa pili kuna maji.

Watu waliotengeneza magari ya kwanza waliijua kanuni hii, ila hawakuwa na namna nzuri ya kuyapoza maji yenyewe. Katika gari ambalo Mjerumani Karl Benz alipewa hati yake mwaka 1886, maji yalichemka na kupotea hewani kama mvuke. Mwaka 1888 mkewe, Bertha Benz, aliliendesha gari la namna hiyo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya kilometa zaidi ya 100, na ilimbidi asimame mara kwa mara njiani kutafuta maji. Kwa maneno mengine, gari la kwanza kusafiri mbali lilikuwa likichemsha njia nzima. Shida hiyo ilipungua sana mhandisi Wilhelm Maybach alipobuni rejeta yenye matundu madogo mengi kama sega la nyuki, ambayo ilifungwa katika gari la Mercedes la mwaka 1901. Rejeta za leo ni wajukuu wa rejeta hiyo.

Safari ya maji ndani ya gari

Tuifuate sasa safari ya maji. Pampu, ambayo katika magari mengi huzungushwa na mkanda unaotoka katika injini, huyasukuma maji ndani ya mifereji iliyoizunguka silinda. Hapo maji hupokea joto kwa njia ya mpitisho, yaani joto linapita kutoka katika chuma kwenda katika maji yanayokigusa. Kisha maji hupanda juu na kufika kwenye mlango mdogo uitwao themostati. Injini ikiwa bado baridi, mlango huu hufungwa, nayo maji huzunguka ndani ya injini tu ili ipate moto upesi. Maji yakifikia joto lililokusudiwa, ambalo kwa magari mengi ni kati ya nyuzi 80 na 90, mlango hufunguka, na maji hupita katika mpira wa juu mpaka kwenye rejeta.

Rejeta ni mkusanyiko wa mirija myembamba iliyoshikamana na mabati membamba sana. Kazi ya mabati hayo ni kuongeza eneo linaloguswa na hewa. Maji yanaposhuka katika mirija, joto lake hupita katika bati, na hewa inayopita kati ya mabati hulichukua na kwenda nalo. Maji yaliyopoa hutoka kwa mpira wa chini na kurudi kwenye pampu, safari ikaanza upya. Injini ikiendelea kuzunguka, maji nayo hayapumziki.

Hewa ya kupoza rejeta hupatikana kwa njia mbili, na jambo hili ulikumbuke vizuri kwa sababu tutalihitaji baadaye. Gari likienda mbio, upepo wa njiani huingia wenyewe kwa mbele. Gari likisimama au likienda polepole, upepo huo haupo, na hapo feni ndiyo inayoivuta hewa ipite katika rejeta.

Kifuniko cha rejeta

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho watu hukidharau, nacho ni kifuniko cha rejeta. Wengi hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake kubwa ni kutunza kanieneo ndani ya rejeta.

Maji huchemka mapema mahali ambapo kanieneo ya hewa ni ndogo, na huchelewa kuchemka mahali ambapo kanieneo ni kubwa. Dar es Salaam, mji ulio kando ya bahari, maji ya sufuria huchemka katika nyuzi 100. Mbeya, mji ulio karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka katika nyuzi 94 hivi. Kifuniko cha rejeta kina springi inayouzuia mvuke usitoke mpaka kanieneo izidi kiasi fulani. Kwa sababu hiyo maji yaliyomo ndani ya rejeta nzima yanaweza kufikia karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Springi ikilegea au mpira wa kifuniko ukichanika, gari ambalo lilikuwa likivumilia joto la nyuzi 105 bila taabu litaanza kuchemsha, ingawa hakuna kingine kilichoharibika. Lori lenye kifuniko kibovu linaweza kutoka Kariakoo salama na kushindwa kuupanda mlima Kitonga, njiani kwenda Iringa, kwa sababu injini hapo inafanya kazi nzito na hewa inazidi kuwa nyepesi kadiri lori linavyopanda.

Hapa pana hatari ambayo kila mtoto lazima aijue. Maji yaliyo ndani ya rejeta yanaweza kuwa na joto la nyuzi 110 na yasichemke, kwa kuwa yamebanwa. Mtu akifungua kifuniko, kanieneo hushuka ghafla, na maji hayo huchemka yote kwa pamoja. Hurukia usoni na mikononi mwa aliyefungua pamoja na mvuke, na kumbabua vibaya. Kulifunika kwa kitambaa hakutoshi. Zima injini, ngoja muda usiopungua nusu saa mpaka rejeta ipoe, ndipo mtu mzima afungue. Wala usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto mkali, kwa kuwa chuma kinachopozwa upande mmoja kwa ghafla kinaweza kupasuka.

Huchemsha wakati gani?

Umekwisha kuona kwamba sehemu zinazoweza kuharibika ni nyingi: pampu, mkanda, themostati, mipira, rejeta, kifuniko na feni. Fundi asiyejua kuchunguza hubadilisha moja baada ya nyingine mpaka fedha za mwenye gari ziishe. Fundi ajuaye kuchunguza huanza kwa kuuliza. Swali lake kubwa ni hili: gari huchemsha wakati gani?

Tuchukue mfano. Tuseme kirikuu kimoja cha Kariakoo kinachemsha kila siku. Fundi wa kwanza ametoa themostati na kuitupa. Fundi wa pili amefunga rejeta nyingine. Gari bado linachemsha. Sasa dereva, ambaye ni kijana, analipeleka kwa fundi wa tatu huko Gerezani, mzee mwenye miaka mingi katika kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari lina nini?"

"Linachemsha. Nimebadilisha rejeta, lakini hali ni ile ile."

"Huchemsha ukiwa wapi?"

"Hapa hapa Kariakoo, nikikaa kwenye foleni. Nikivuka Jangwani na barabara ikafunguka, mshale wa joto unashuka wenyewe."

"Na ukipanda Kimara na mzigo?"

"Kule halina neno kabisa, mzee."

Kabla hujasoma zaidi, funga kitabu na ujaribu kufikiri kama fundi huyo. Maneno ya kijana yamekwisha kueleza nini?

Gari linapopanda Kimara na mzigo wa viazi, injini hutoa joto jingi kuliko wakati wowote. Hata hivyo maji hayachemki. Basi pampu inasukuma maji ipasavyo, maana ingekuwa mbovu, gari lingeshindwa hapo kwanza. Mirija ya rejeta haijaziba. Kifuniko kinashika. Ni kitu gani, basi, ambacho gari linakipata Kimara na kukikosa kwenye foleni ya Kariakoo? Ni upepo. Na tumekwisha kusema kwamba gari likisimama, upepo hutoka kwa feni peke yake.

Mzee anaiacha injini ikizunguka gari likiwa limesimama. Mshale wa joto unapanda, unapita katikati, na feni haijazunguka. Feni ya gari hili ni ya umeme. Anaitenga na nyaya zake na kuiunganisha moja kwa moja na betri. Inazunguka kwa nguvu. Kwa hiyo feni yenyewe ni nzima, na kasoro iko katika umeme unaoiendea. Anatazama fyuzi, nayo ni nzima. Anafika kwenye swichi ya joto, kifaa kidogo kilichofungwa kwenye rejeta, ambacho hutakiwa kuunganisha umeme maji yanapopata moto. Anaziunganisha nyaya mbili za swichi hiyo kwa kipande cha waya, na feni inazunguka. Swichi imekufa.

Ni kifaa kinachoenea kiganjani. Rejeta iliyonunuliwa haikuwa na haja, na themostati iliyotupwa haikuwa na kosa lolote. Mzee anafunga swichi mpya na themostati mpya, kisha analiacha gari likizunguka mahali pamoja kwa muda mrefu ili aone feni inawaka na kuzima yenyewe mara kadhaa. Uchunguzi haujakamilika mpaka kazi ijaribiwe katika hali ile ile iliyokuwa ikileta kasoro.

Jaribio la 2

Chukua makopo mawili yanayolingana. Mimina katika kila kopo maji ya moto ya kiasi kimoja, na uyafunike kwa karatasi ngumu yenye tundu la kupitisha kipimajoto. Kopo la kwanza uliweke mahali pasipo na upepo. La pili mwenzako alipepee kwa kipepeo bila kuacha. Pima joto la kila kopo kila baada ya dakika mbili, kwa muda wa dakika kumi, na uyaandike matokeo katika jedwali. Ni kopo lipi lililopoa upesi? Kwa nini tuliyafunika makopo? Kumbuka kwamba maji yaliyo wazi hupoa pia kwa kugeuka kuwa mvuke, nasi tunataka kujua kazi ya upepo peke yake juu ya bati.

Gari linalochemsha likienda mbio

Sasa tugeuze habari. Gari jingine ni salama kwenye foleni, lakini likipata mwendo au likipanda mlima, mshale hupanda. Hapa feni haina lawama, kwa kuwa upepo wa njiani upo wa kutosha. Injini inatoa joto jingi kuliko linaloweza kupita katika rejeta. Mara nyingi rejeta imeziba.

Rejeta huziba kwa nje na kwa ndani. Kwa nje huziba kwa vumbi, majani na wadudu, na maji ya mpira yakipitishwa taratibu kutoka upande wa injini huweza kuisafisha. Kwa ndani shida ni kubwa zaidi, na sisi wa pwani tuna sababu ya kuijua. Chungulia ndani ya birika la chai lililotumika muda mrefu. Utaona utando mgumu, mweupe au wa rangi ya udongo. Huo ni uchafu wa madini yaliyokuwa yameyeyuka katika maji, nao hubaki maji yanapochemshwa. Utando wa namna hiyo hujijenga ndani ya mirija ya rejeta, na hupitisha joto kwa shida kubwa kuliko shaba au aluminiamu. Visima vingi vya Dar es Salaam vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi. Chumvi huharakisha kutu, na maganda ya kutu husafiri pamoja na maji mpaka kwenye mirija myembamba, yakakwama humo. Dereva anayejaza rejeta kwa maji ya kisima kila asubuhi anaongeza ugonjwa ule ule anaodhani anautibu.

Ni afadhali kutumia kulanti, yaani maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, na kuibadilisha kwa wakati unaoelekezwa na watengenezaji wa gari. Wapo mafundi wa Gerezani ambao kazi yao ni rejeta tu. Huwatambua wagonjwa wao kwa joto: injini ikiwa imepata moto, rejeta nzima huwa na joto linalopungua taratibu kutoka mahali maji yanapoingia hadi yanapotoka, bali rejeta iliyoziba huwa na madoa ya baridi mahali ambapo maji hayapiti. Siku hizi wengine hutumia kipimajoto kinachosoma joto kutoka mbali bila kugusa.

Mpira wa chini nao huweza kusababisha dalili hiyo hiyo. Ukizeeka na kulainika, hunyonywa na pampu ukabonyea wakati injini inapozunguka kwa kasi, na njia ya maji ikabanwa. Injini ikizimwa mpira hurudi kama kawaida, na fundi asiyeutazama injini ikiwa inazunguka haoni neno.

Habari ya themostati

Themostati inastahili kuelezwa zaidi, kwa kuwa katika miji yetu imedhulumiwa sana. Mafundi wengi huitoa gari linapoanza kuchemsha, wakisema kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hiki kimetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Maneno hayo si sahihi. Joto la hewa ya Dar es Salaam ni nyuzi 30 hivi wakati wa mchana, na injini inataka kufanya kazi karibu na nyuzi 90. Hata hapa kwetu injini inahitaji kusaidiwa ifikie joto lake upesi. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno hula petroli zaidi na huchakaa mapema. Tena ziko injini ambazo themostati, inapofunguka, huufunga mfereji wa pembeni unaoyarudisha maji kwenye injini. Katika injini hizo, kuitoa themostati huuacha mfereji huo wazi, maji mengi hukwepa rejeta, na gari huchemsha zaidi kuliko kwanza.

Ni kweli kwamba themostati huweza kuharibika ikakwama imefungwa. Dalili yake haifichiki: gari huchemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, na mpira wa juu hubaki baridi ingawa mshale umepanda sana. Kabla ya kuitupa, ipime.

Jaribio la 3

Mwalimu apate themostati ya zamani kutoka gereji. Soma namba iliyoandikwa juu yake, kwa mfano 82. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, vyote viwili visiguse sufuria. Pasha maji moto polepole. Angalia ni katika nyuzi ngapi mlango unaanza kufunguka, na nyuzi ngapi unafunguka wote. Ukianza kufunguka karibu na namba iliyoandikwa, kifaa ni kizima. Maji yakichemka nao haujafunguka, umekufa. Ndani yake mna nta maalumu inayotanuka sana inapoyeyuka, na kutanuka huko ndiko kunakousukuma mlango.

Maji yanayopotea bila kuonekana

Kasoro ya kuogopwa kuliko zote ni ya gasketi. Kati ya silinda na kifuniko chake kikubwa, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, huwekwa gasketi nyembamba inayotenganisha moto, maji na oili. Gari likichemsha mara nyingi, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Hapo gesi za moto huingia ndani ya maji, na maji huingia ndani ya silinda. Kasoro ndogo, kama ile swichi ya feni, inaweza kuzaa kasoro hii kubwa ikiachwa kwa majuma machache.

Fundi huishuku gasketi maji yanapopungua kila siku na chini ya gari pakavu. Mipira inapokuwa migumu kwa kanieneo mara tu baada ya injini kuwashwa, kabla haijapata moto. Viputo vinapotoka katika maji bila kukoma. Moshi mzito mweupe unapoendelea kutoka hata injini ikisha kupata moto. Au oili inapogeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Dalili moja peke yake haitoshi. Hewa iliyobaki ndani baada ya kujaza maji nayo hutoa viputo kwa muda, hasa katika magari ambayo injini iko chini ya viti na mabomba ya maji ni marefu, na fundi mwenye haraka huweza kufungua injini nzima bure.

Ziko sababu nyingine ambazo tutazitaja tu: mkanda uliolegea, oili iliyopungua, breki zinazoshika wakati wote, na mzigo kupita kiasi. Dereva huweza kuzichunguza zote mwenyewe asubuhi, injini ikiwa baridi, pamoja na kutazama kama pana tone la maji chini ya pampu na kwenye maungio ya mipira.

Zoezi

1. Basi dogo halichemshi kwenye foleni ya Mtaa wa Uhuru, lakini huchemsha kila linapopanda vilima vya Pugu. Je, utaanza kuchunguza sehemu gani? Toa sababu.

2. Eleza kwa nini kifuniko kibovu cha rejeta huleta taabu mapema zaidi Mbeya kuliko Dar es Salaam.

3. Dereva anasema, "Nimeongeza maji lita mbili kila siku wiki hii, na chini ya gari hapana hata tone." Mwandikie maswali matatu ambayo ungemuuliza kabla ya kulifungua gari.

4. Katika Jaribio la 2, mwanafunzi mmoja alisahau kulifunika kopo lililokuwa likipepewa. Je, matokeo yake yanaweza kuaminiwa? Eleza.

5. Pamoja na mwalimu, tembeleeni gereji iliyo karibu na shule yenu. Muulizeni fundi awaeleze gari moja lililokuwa likichemsha, alifikiri nini kwanza, alipima nini, na mwishowe alikuta nini. Yaandikeni majibu yake kwa mpangilio huo.